Je, Kipokezi cha Kawaida cha GPS Kinamtosha Mtoto Anayeanza Kutafuta Kopo?



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu mnaosoma ukurasa huu, kuna swali tumeulizwa mara nyingi sana tangu likizo iliyopita, na kila anayeuliza tumekuwa tukimjibu kwa ufupi mlangoni mwa madrasa, kisha anaondoka hajatosheka. Swali lenyewe ni hili: mtoto anayeanza mchezo wa kutafuta makopo kwa GPS, je, anahitaji mashine mpya ya bei kubwa, au kile kipokezi cha kawaida kisicho na ramani kinamtosha? Leo tumeona tulijibu kwa kirefu, kwani limeshaingia kwenye mifuko ya watu, na limeanza kuamua nani ataendelea kuja Jumamosi na nani atabaki nyumbani.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, si mgumu kueleza. Mtu anaficha kopo lenye kifuniko mahali fulani, anasoma latitudo na longitudo ya mahali pale, anawapa wenzake zile namba, nao wanakwenda kulitafuta. Ndani ya kopo mna daftari dogo na vitu vidogo vidogo. Anayelipata anaandika jina na tarehe, kisha analirudisha pale pale alipolikuta. Akichukua kitu ndani yake anaacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi. Ughaibuni wanauita jiokashingi. Watoto wetu hapa Nyamirambo wameuita "kopo" tu, na siku ya Ijumaa utawasikia, "Maalim, kesho kuna kopo?"

Tarehe ya kuanza kwake inajulikana, nayo inahusiana moja kwa moja na swali letu. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, na kwa miaka mingi ishara iliyoachwa kwa raia ilikuwa inaharibiwa kwa makusudi, hata mtu wa kawaida alikuwa anaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Clinton alitangaza kwamba uharibifu huo unazimwa, na usiku huo huo ukazimwa. Ghafla vipokezi vile vile vya zamani vikaanza kusoma kwa ukaribu wa mita 10 au 20. Tarehe 3 Mei mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akazitangaza namba zake kwenye intaneti. Haikupita siku tatu Mike Teague akaipata. Ndani ya ndoo mlikuwa na vitabu, programu za kompyuta, manati, pesa kidogo na kopo la maharage. (Siku hizi chakula hakiruhusiwi ndani ya kopo, kwa sababu wanyama hunusa na kutafuna plastiki. Ile maharage ilipita kwa kuwa sheria zilikuwa hazijaandikwa.) Leo makopo ya namna hiyo duniani yanazidi milioni 3.

Basi angalieni jambo hili. Mchezo ulizaliwa mwaka 2000 na ukachezwa na maelfu ya watu kwa vipokezi vya mwaka 2000. Mashine iliyozoeleka sana miaka hiyo ilikuwa Garmin eTrex ya manjano: haina ramani, haina dira ya ndani, kioo chake si cha rangi, inahifadhi sehemu 500, na betri mbili ndogo za kawaida zinaiendesha kwa saa 22 hivi. Waanzilishi wa mchezo waliipata ndoo, wakapata na mengine mengi, kwa vyombo vya aina hiyo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba mtoto hawezi kuanza bila mashine yenye ramani za rangi, inampasa kwanza atueleze wale walianza vipi.

Lakini tusikimbilie kufunga mjadala hapo, kwa sababu hoja ya upande wa pili ina uzito wake nasi tumeiona kwa macho.

Madrasa yetu inavyo vipokezi viwili vya zamani vya namna hiyo, tulivyopewa na ndugu mmoja aliyekuwa akivitumia katika kazi ya kupima mashamba. Tulivitumia likizo nzima na watoto thelathini na nne. Baadaye mzazi mmoja, mtu mkarimu ambaye Mwenyezi Mungu amemruzuku, alikuja na mashine yake mpya yenye ramani, akatembea na watoto Jumamosi moja, akarudi akiwa na pendekezo. Alisema, "Maalim, hivi vyenu vinawachosha watoto bure. Tuchangishane tununue vinne vipya. Elfu ishirini kwa kila mtoto, mimi nitaongeza zinazopungua." Alilisema hilo kwa nia njema kabisa, na wazazi kadhaa waliitikia pale pale.

Jumatano yake, baada ya Alasiri, alikuja mama mmoja mwenye watoto watatu madrasa. Hakuingia ndani, alisimama barazani. Akasema, "Maalim, shikamoo. Hawa wangu Jumamosi hawatakuja tena. Si kwamba hawapendi." Hakuongeza neno, nasi hatukumuuliza zaidi, kwani faranga elfu sitini kwa mara moja katika nyumba ile tunajua ni nini. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika kusoma namba.

Hapo ndipo tulipoona kwamba swali hili halifai kujibiwa kwa kukisia. Ikiwa kipokezi cha kawaida hakifai, basi mchango ni wa haki na tutafute njia ya kuwasaidia wasioweza. Ikiwa kinafaa, hatuna ruhusa ya kumtoa mtoto hata mmoja kwa ajili ya kioo cha rangi. Tukamwomba yule mzazi atuazime mashine yake kwa Jumamosi tatu, naye akakubali, Allah amlipe kheri.

Tulichokifanya hakikuhitaji utaalamu. Tulichagua sehemu tatu. Ya kwanza ni kona ya uwanja wa mpira, mahali palipo wazi juu kabisa. Ya pili ni ndani ya mikaratusi na misonobari ya Mlima Kigali, ule unaoinuka juu ya mtaa wetu mpaka mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari. Ya tatu ni kichochoro cha Biryogo katikati ya kuta na mabati. Kila mahali tuliweka jiwe, tukahifadhi namba za jiwe katika kila mashine, kisha watoto wakawa wanaondoka na kurudi, wakisimama juu ya jiwe na kuandika daftarini kila mashine inasema wako umbali gani nalo. Jibu sahihi ni sifuri.

Uwanjani kile cha zamani kilisema mita tatu, mara tano, mara nne, na mara moja mita nane. Kipya kilisema mbili au tatu. Tofauti ipo, lakini kwa mtoto anayetafuta kopo la ukubwa wa chombo cha samli haina maana kubwa. Kichochoroni vyote viwili viliharibikiwa, cha zamani zaidi, na pale tungekushauri usifiche kitu hata ukiwa na mashine ya bei gani.

Msituni ndipo mambo yalipobadilika. Chini ya miti, na mteremko wa mlima ukiwa umeziba nusu ya mbingu, kile cha zamani kilipotea kabisa mara mbili, na kiliporudi kilidai tuko mita 25 kutoka kwenye jiwe tulilokuwa tumelikanyaga. Kipya hakikuzidi mita nane. Tuseme kweli: hapo yule mzazi alikuwa na haki.

Sababu yake si siri, na wanafunzi wa sekondari waielewe. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na ishara inayofika ardhini ni dhaifu mno. Majani yenye maji huipunguza, na mlima au ukuta huizuia kabisa. Kipokezi kinahitaji kuziona setilaiti nne kwa uchache ili kijue kilipo. Kile cha zamani kinazisikiliza za Marekani peke yake, tena kwa sikio zito. Vipya vingi vinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, hivyo hata nusu ya mbingu ikizibwa bado vinabakiwa na setilaiti za kutosha. Tena hata neno "kawaida" limesogea. Garmin eTrex 10 iliyotoka mwaka 2011 ilikuwa ya bei ya chini katika ukoo wake, bila ramani za maana wala dira ya ndani, lakini ilikuwa tayari inapokea GLONASS. Kwa hiyo anayenunua cha bei nafuu kilichotengenezwa miaka ya karibuni hanunui kile kile cha mwaka 2000.

Na mita hizi si za kuchezea, kwani eneo la kutafuta haliongezeki kwa kuzidisha mara moja tu. Tuliwaambia watoto wachore duara. Ukikosea kwa mita 5, unatafuta ndani ya mita za mraba 79 hivi. Ukikosea kwa mita 10, zimekuwa 314. Ukikosea kwa mita 25 unatafuta karibu mita za mraba 2,000, yaani maboksi ya penalti matatu yaliyojaa nyasi na mawe. Mtoto wa miaka kumi atachoka kabla hajafika robo, na akichoka mara mbili hatarudi ya tatu.

Sasa, kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, nasi tunaona ndilo lililobeba jibu zima. Makosa ya mita yapo mawili: ya aliyeficha na ya anayetafuta. Ikiwa aliyeficha alikosea mita 20, huna mashine duniani itakayokufikisha kwenye kopo, itakufikisha kwa usahihi kabisa mahali ambapo kopo halipo. Ikiwa aliyeficha alichukua namba vizuri, mahali pa wazi, basi anayetafuta kwa kipokezi cha zamani ataletwa mita tano au nane karibu, na hapo macho yake yanamaliza kazi. Kwa hiyo kama jamii ina mashine moja nzuri tu, apewe anayeficha. Wanaotafuta washike zile za kawaida. Tulimweleza yule mzazi hivyo, akacheka, akasema hakuwa ameliona upande huo.

Na anayeficha asichukue namba mara moja akaondoka. Aiweke mashine juu ya kopo, asubiri ikae sawa dakika chache, aandike. Aondoke mita hamsini, arudi upande mwingine, aandike tena. Afanye hivyo mara nne au tano, kisha achukue wastani. Ikiwezekana arudi siku nyingine saa nyingine, kwa sababu setilaiti zinatembea na mpangilio wake wa asubuhi si wa jioni.

Tukirudi kwa mtoto anayeanza, vipo vitu vitatu vinne vya kile kipokezi cha zamani vitakavyomsumbua, na mzazi asipovijua atadhani mashine ni mbovu.

Cha kwanza ni mshale. Watoto wote, bila kubakisha, walilalamika kwamba mshale "unalewa". Unaonyesha kopo liko mbele, wanasimama kutazama, unageuka nyuma. Kipokezi kisicho na dira ya ndani hakijui umegeukia wapi ukiwa umesimama. Kinajua tu ulikuwa wapi sekunde iliyopita na uko wapi sasa, na kwa hizo mbili kinakisia unakoelekea. Ukisimama kinabaki na ile mitikisiko midogo ya ishara na mshale unacheza. Dawa yake ni kutembea hatua ishirini kwa mwendo ulionyooka, usome mshale ukiwa unatembea. Ukibakiwa na mita kumi, mashine iingie mfukoni. Tuliwawekea sharti hilo na ndilo waliloliona gumu zaidi, maana wanapenda kioo. Wale waliotembea na mashine mpya yenye dira walipata shida hiyo hiyo kwa njia nyingine, walibaki wameinamia ramani ya rangi huku kopo likiwa hatua tatu nyuma ya kisigino.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alituuliza kama kipokezi hicho kinaweza kuonyesha Qibla. Tukaingiza namba za Al-Kaaba, kaskazini 21°25.350 na mashariki 39°49.572. Kikajibu kilomita 2,800 hivi, mwelekeo digrii 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Namba hiyo ni sahihi hata ukiwa umesimama, kwa sababu inapigwa hesabu kutokana na mahali ulipo na mahali unapokwenda. Mshale ndio usioaminika ukiwa umesimama. Chukua ile digrii 22, ipeleke kwenye dira ya kawaida ya sumaku, utakuwa umeelekea sawa. Wanafunzi wakaelewa mshale kwa njia ya Qibla kuliko tulivyowaeleza kwa njia ya kopo.

Cha pili ni namba zenyewe, na huku ndiko kulikopotea muda mwingi kuliko msituni. Sisi Rwanda tuko kusini ya ikweta. Kundi moja liliingiza latitudo likaacha herufi N badala ya S, na mashine ikawaambia wamebakiza kilomita zaidi ya 430. Walikuja mbio, "Maalim, kopo liko Kongo!" Na kweli, ukigeuza kusini kuwa kaskazini kutoka Kigali unaangukia Ituri, kaskazini ya Bunia.

Kosa la hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Simu nyingi huandika mahali kwa digrii zenye desimali, kama 30.050. Vipokezi vya mchezo huu huandika digrii na dakika, na dakika ndizo zenye desimali. Digrii 30.050 ni sawa na 30°03.000, kwa sababu 0.05 ya dakika 60 ni dakika 3. Mtoto akiinakili kama ilivyo, akaandika 30°05.000, mashine haitakataa, itamtembeza kilomita 3.7 mashariki ya anakotakiwa. Hakuna ramani ya rangi itakayomwokoa hapo. Na kwa anayepata ramani ya karatasi ya zamani: ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali mchezo huu unatumia WGS 84. Ukichanganya misingi hiyo miwili unakosea mita 300 hivi. Ingia kwenye mipangilio ya mashine ukahakikishe kabla hujatoka nyumbani.

Ama kuandika namba hizo kwenye mashine yenye vitufe vitano, ni kazi ya kuchosha, herufi moja moja kwa dole gumba. Tukaona faida yake baada ya wiki mbili. Watoto walioziandika kwa mkono wanajua kwamba tarakimu ya mwisho, ile ya sehemu ya elfu ya dakika, ni kama mita 1.85 ardhini. Wanajua tarakimu ya pili kutoka mwisho ni mita 18. Walioletewa kopo kwenye mashine mpya kwa kebo hawajui, kwani hawakuhitaji kujua. Hatusemi mashine mpya inapumbaza, hapana, ni kwamba kazi ile waliipunguziwa.

Cha tatu, kipokezi kilichokaa kabatini miezi hakipati mahali pake haraka. Kinahitaji kupakua upya habari za setilaiti, na orodha nzima inachukua dakika 12 na nusu kutumwa. Kiweke mahali pa wazi, ukanywe chai. Pia msishangae tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki mpaka 1,024 kisha huanza upya, na tarehe 6 Aprili 2019 ulianza upya. Kimoja katika vile viwili vyetu tangu hapo kinadai tuko miaka karibu ishirini nyuma. Mahali kinasoma sawa sawa, lakini kalenda yake usiitegemee.

Na kama muuzaji atakwambia uongeze pesa kwa sababu mashine ina WAAS au EGNOS, mwambie ahsante. WAAS ni msaada wa usahihi uliojengwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini, na EGNOS kwa ajili ya Ulaya. Kuulipia ukiwa Kigali ni kama kununua koti la theluji Bujumbura.

Wapo waliosema, "Lakini Maalim, simu si inatosha?" Inatosha, kwa mahali pa wazi simu ya kawaida ya siku hizi inasoma vizuri kabisa, na wanaocheza mchezo huu duniani wengi wanatumia simu. Shida yetu na simu ni nyingine. Simu ni ya baba au ya mama, mna pesa zake ndani na namba za watu, na mtoto ataishika akishuka mteremko wa matope. Betri ikiisha huko juu, mzazi amekosa simu na kundi limekosa njia. Kipokezi cha zamani kikianguka kwenye maji kinatolewa, kinafutwa, kinaendelea, na betri zake zinapatikana kwenye kila duka la mtaa.

Jambo moja la usalama tulitaje, ingawa si la mashine. Kopo lililofichwa chini ya jiwe, mtu asiyejua akiliona anaweza kushtuka, na katika nchi zetu hizi zilizopitia vita mshtuko huo una sababu. Sisi tunatumia chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, tumekiandika kwa nje kwa Kinyarwanda na Kiswahili ni cha nini na cha nani, na kabla ya kukiweka tunamwomba mwenye shamba ruhusa na kumjulisha mkuu wa mtaa. Hatuchimbi ardhi. Kopo na kopo tunaziachanisha mita 161 kwa uchache, kama sheria za mchezo zinavyotaka, ili kundi lisipate la wenzake kwa bahati.

Basi jibu letu ni hili. Kwa anayeanza, kipokezi cha kawaida kinatosha, kwa sharti kwamba aliyeficha kopo alichukua namba zake kwa uangalifu na kulificha mahali penye mbingu wazi. Kwa msitu mzito, kwa mabonde, kwa atakayetaka kusafiri na kutafuta makopo kumi kwa siku, hakitoshi, na hapo mashine ya miaka ya karibuni ina thamani yake. Mwanafunzi atakayefika huko atakuwa mkubwa na atajinunulia, in shaa Allah.

Mchango wa elfu ishirini tumeusimamisha. Yule mzazi hakuchukia. Mashine yake inakuja na mfichaji kila Ijumaa jioni, naye mwenyewe ndiye mfichaji, kazi aliyoipenda kuliko tulivyotarajia. Makopo mawili yaliyokuwa chini ya mikaratusi tumeyahamishia kwenye mawe yaliyo wazi, upande unaotazama mto Nyabarongo. Makundi sasa ni manne na vipokezi ni viwili, hivyo mawili yanatoka saa mbili asubuhi na mawili saa nne, na ndani ya kundi mashine inabadilisha mkono kila baada ya dakika kumi. Tunachoomba kwa kila nyumba ni betri mbili kwa mwezi kwa anayeweza.

Tulipeleka habari hiyo kwa yule mama sisi wenyewe. Watoto wake wawili wadogo walikuja Jumamosi iliyofuata. Binti mkubwa hakuja, alikuwa na mtihani wa shule, lakini alimtuma mdogo wake na karatasi aliyoiandika namba za kopo la wiki ile, ameshazigeuza kutoka desimali kwenda dakika, zote sahihi.

Jumamosi ijayo tunakutana baada ya Alfajiri badala ya saa mbili, kwa sababu mvua za mchana zimeanza. Waje na viatu vya kufunga na maji ya kunywa, na dira kwa aliye nayo.